Nafasi ya Pili

Kabla ya hapo paliuzwa betri na vitambaa vya mashuka.
Shemhilu akaleta kompyuta nne,
nzito, zenye visogo kama matenga,
akazipanga Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani,
akaandika mlangoni kwa rangi ya kucha ya mkewe:
NUSU SAA MIA TANO. USIGUSE WAYA.

Humo ndimo tulimohamia Jirani.

Kila mtu alipewa nyumba: ukuta wa kupaka atakavyo,
dirisha la picha moja,
na barazani viti vinane.
Hata uwe na majirani mia tatu,
viti vinane,
vyenye namba.

Ukuta wangu niliupaka zambarau, maandishi ya njano,
hayasomeki.
Nikabandika waridi linalometameta;
kwa ajili yake nyumba ilichukua dakika tisa kufunguka,
nami nikazilipia dakika tisa nikimtazama
waridi akishuka jani kwa jani.

Tulijuana upya. Watu wa mtaa mmoja,
tuliochota maji bomba moja,
tuliulizana humo: unapenda rangi gani?
Semkiwa, karani wa mizani ghala la mkonge,
alipita ukuta hadi ukuta akiacha beti,
akihesabu silabi kwa vidole mezani
huku Shemhilu akihesabu dakika.
Ukutani kwangu aliacha huu:

*Jirani bila ukuta, sauti hatusikii,*
*Picha yako naipata, harufu hainijii,*
*Mlango wako nagota, wewe hunifungulii,*
*Umeme ukijifia, sijui kama u hai.*

Mwanamkasi alikuwa wa pili kwangu,
nami wa pili kwake. Wa kwanza kwake
alikuwa Mhina, mchumba, wa Muheza. Sikulalamika.
Mchumba ni mchumba.

Alhamisi moja nikafungua, nikasubiri waridi,
nikaenda kwake.
Kiti cha pili kina mtu mwingine.
Nikatafuta cha tatu. Cha nne.
Nikashuka mpaka cha nane, nikarudi juu,
labda nimejipita.

Sikumuuliza. Mtu haulizi jambo kama hilo.
Nikamtoa na mimi.
Harusi yake nilikwenda, nikala pilau, nikakaa nyuma.

Halafu watu wakaanza kuhama bila kuaga.
Walitangulia waliokwenda vyuoni, wakafuata wenye simu.
Barazani wakaja wasiojulikana, wanauza saa,
wanauza dawa ya kitambi.
Kampuni ikauzwa. Aliyenunua akapaka nyumba zote nyeupe,
zambarau yangu ikaenda kwa usiku mmoja.
Shemhilu akauza kompyuta moja moja, ya mwisho kwa kilo.
Leo pale ni kinyozi. Meza ni ile ile,
na wembe umelala palipokuwa na kipanya.

Walituma barua, nasikia:
kila mwenye nyumba achukue mali yake ndani ya siku thelathini.
Ilikwenda kwenye anwani
ambayo nywila yake nilishaisahau.
Picha ya marehemu shangazi akicheka ilikuwa humo tu.
Semkiwa yuko Handeni, au hayuko.

Juzi, soko la Mgandini,
mikono miwili ikashika parachichi moja.
Mwanamkasi. Miwani, mjukuu mgongoni.
Tukasalimiana mpaka salamu zikaisha,
na kinywa changu kikajisemea:
Kwa nini ulinitoa?

Hakuuliza wapi.

"Nilikuwa nakupandisha," akasema.
"Ili nikuweke wa kwanza, lazima kwanza nikutoe.
Nikakutoa. Umeme ukakatika.
Na mia tano ilikuwa ndiyo hiyo."

"Na Mhina?"

"Mhina ningemshusha." Akamtingisha mtoto.
"Kesho yake akaja na posa."

Sina pa kwenda kuhakiki.
Huenda ni kweli. Huenda ameitunga pale pale
kati ya nyanya na vitunguu, kwa huruma.
Parachichi aliniachia mimi.
Lilikuwa bichi. Nimelifunga kwenye gazeti,
naliminya kila asubuhi.